Ofisi Yangu Ilikuwa Kibarazani

Ninyi mnaofanya kazi mmekaa kitandani, laptopu juu ya mapaja na chai pembeni, msidhani mambo hayo mmeyaanzisha ninyi. Mimi huyu, mzee mnayemwamkia shikamoo na kupita haraka asije akawapigisha soga, nilifanyia kazi nyumbani miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Nilifanyia hapa hapa Mhezi, kwenye kibaraza hiki kinachotazama njia. Na niliona aibu. Niliona aibu mpaka nikasema neno moja mbele za watu, na aibu ya neno lile ndiyo ninayokaa nayo sasa.

Nisingelisema hili kama si Upendo, binti wa jirani yangu. Amepata kazi kwenye kampuni ya Dar es Salaam, kazi yenyewe anaifanyia nyumbani kwao. Wageni wakija mama yake alikuwa anamwambia aingie chumbani na afunge mlango, wasije wakadhani binti kamaliza chuo na yupo yupo tu. Niliposikia hivyo nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka, nikamwambia Upendo aje akae nimsimulie. Sasa ninyi wengine nanyi sikilizeni, mna kazi gani.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Injinia anapima, anakokotoa, anatia sahihi. Mchoraji ndiye anayekaa na mistari. Nilianza Same mjini, enzi za meza kubwa iliyolala upande, rula ndefu na wino mweusi. Ukikosea unakwangua kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Ikitoboka unaanza upya, na yule aliyekufundisha anakuangalia tu.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Jumaa, mtu wa pale pale Same, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikosi kichwani. Mzee Jumaa hakuwa na tabia ya kugomba. Alikuwa anapita nyuma ya meza zetu mikono ikiwa mgongoni, na akiona kosa anakohoa. Basi. Hakwambii ni lako au la mwenzako. Akikohoa, chumba kizima tunainama kukagua mistari yetu, na kila mmoja anakuta kosa lake, hata lile ambalo mzee mwenyewe hakuliona. Nimefanya kazi miaka mingi baada yake na sijaona namna ya kufundisha iliyoshinda kile kikohozi.

Mara moja tu alinifundisha bila kukohoa. Nilikuwa nimechora nyumba ya mtu wa Shighatini, kule Ugweno, bila kufika Shighatini. Nilipewa vipimo vya kiwanja nikaona vinatosha. Nikachora nyumba nzuri, ina veranda, ina sebule pana, na msingi wake ukakaa juu ya mfereji unaopeleka maji kwenye maharage ya ukoo mzima. Ukoo ukashuka mpaka Same, wamevaa nguo za kanisani. Wapare mnatujua, tunasemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe tukaendeshe kesi ya kuku. Hawa hawakuwa na kuku, walikuwa na maji, kwa hiyo hesabuni wenyewe.

Mzee Jumaa aliwasikiliza, akawaomba radhi, kesho yake akanipeleka Shighatini. Akanisimamisha ndani ya ule mfereji na viatu vyangu vya ngozi. Akaniuliza maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi simama humo mpaka ujue." Wenye mfereji wakaja kunitazama, kina mama wakaja, nikaonyeshwa na kufundishwa, maji yako kwenye soksi. Nilipoeleza vizuri, mzee akasema, "Toka. Sasa chora." Tangu siku hiyo sijachora nyumba ya milimani bila kuuliza kwanza maji yanapita wapi, makaburi yako wapi, na nani anakaa juu yako. Hilo la tatu nililifundisha kwa wengine na nikalisahau mwenyewe. Mtaona.

Kompyuta zilipokuja, Mzee Jumaa alikwishatangulia mbele za haki. Ofisi ilikuwa ya Injinia Mwanaidi, mwanamke mdogo kwangu kwa umri lakini mkuu wangu kwa kazi. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu ananipangia kazi. Siku moja akatuita wote akasema kodi ya chumba kile cha barabarani inamla, na kwamba haoni sababu ya watu wenye kompyuta kuja kubanana sehemu moja. Kuanzia sasa kila mtu achorie anapotaka na saa anayotaka, mradi kazi ifike siku tuliyokubaliana. Ofisini tutakutana Jumatatu tu, kwenye chumba kidogo.

Nitawaambia ukweli wa mpango ule kama nilivyouona, kwa sababu siku hizi mnasifia tu au mnaponda tu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Akaichana, na akachora vizuri kuliko kabla. Injinia akaanza kupata kazi za Mwanga na mbali zaidi, maana wachoraji walikuwa wametawanyika, na aliye karibu na kiwanja ndiye anayekwenda kukiangalia. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, vijana waliokuwa wanajifunza walipotea. Kila mtu yuko peke yake na kioo chake, hakuna wa kukukoholea. Ramani zikawa zinarudi na makosa ambayo zamani yalikufa kabla ya chai ya saa nne. Injinia alipoligundua hilo, akafanya Jumatatu kuwa siku ya ukutani: kila mmoja anabandika alichochora, wote tunazunguka tunaangalia. Mimi nikawa nakohoa. Sikuwa na kifua cha Mzee Jumaa lakini ilisaidia.

Mwenyewe mpango ule sikuutaka. Nilikuwa nimepanga chumba Same, nyumbani Mhezi napanda mwisho wa wiki, na niliipenda ofisi kwa sababu ina mlango. Jioni unaufunga, kazi inabaki ndani. Nilimwambia Injinia mimi nitaendelea kuja kwenye kile chumba kidogo kila siku, akacheka, akanipa ufunguo.

Halafu mke wangu akaugua. Nakijwa, Mama Eliudi, mnayemjua. Aliamka asubuhi mkono wa kulia hautii na mdomo umeenda upande. Kiharusi. Alilazwa, akaruhusiwa, na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinikalisha akaniambia kwamba mkono ule unataka kazi kila siku, kidogo kidogo, mara kwa mara, na hasa miezi hii ya mwanzo. Ulimi nao unataka mtu wa kuongea naye. Achukue maharage kwenye bakuli moja, punje moja moja, ayahamishie kwenye jingine. Nikauliza nani atakaa naye. Eliudi mwanetu yuko Mwanza na familia yake, dada yake ameolewa mbali, na msichana wa kazi tuliyemleta alikaa kidogo akaenda kuolewa. Binti yule akaniangalia akasema, "Si wewe, baba?"

Injinia Mwanaidi hakusubiri nimwombe. Alisema, "Shikamoo, Mzee Mbwambo. Laptopu hiyo chukua. Kaa na mama. Jumatatu uje kama mtapata mtu wa kukaa naye, usipopata usije." Nikapanda mlima na ofisi yangu kwenye begi.

Sasa tatizo. Kwenye nyumba yetu mtandao unashika sehemu moja tu, pembeni mwa kibaraza, upande wa njia. Nilijaribu chumbani, nilijaribu zizini, nilijaribu kusimama juu ya tofali nyuma ya jiko. Hakuna. Ni kibarazani tu, pale ambapo kila anayekwenda shambani, mashineni au kanisani lazima apite. Na kwetu huwezi kumpita mtu umsalimie mara moja ukaenda. Utamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za wakwe, na yeye akuulize hivyo hivyo. Nilikuwa nachora mstari mmoja, naitikia marahaba kumi. Siku moja nilichora ngazi inayopanda vizuri kabisa na kuishia kwenye ukuta wa choo. Mteja akapiga simu kwa heshima kuuliza kama huo ndio mtindo mpya.

Hayo ya kucheka. Lakini mtu mzima kuonekana amekaa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, mkono kwenye laptopu na mke pembeni na mabakuli yake, lilikuwa jambo la kusemwa. Wakasema nimepunguzwa kazi. Wakasema nimefukuzwa. Mama mmoja wa umoja wa wanawake wa usharika akaniletea mkungu wa ndizi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, Baba Eliudi, Mungu atafungua mlango mwingine." Nilizipokea zile ndizi. Kueleza ningeanzia wapi?

Na yalikuwapo mengine ambayo hayakusemwa, na hayo ndiyo niliyoyaogopa. Asubuhi namfunga Nakijwa vifungo vya blauzi. Namchana nywele. Nafua kanga zake. Mambo haya nilikuwa nayafanya ndani, mlango umefungwa, kanga nikazianika nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya chini, wapita njia wasizione. Sikuona aibu kwa sababu ya mke wangu, nawaambia kweli. Niliona aibu ya kuonekana mimi nikiyafanya. Kwa mwanamume wa umri wangu, hizo zilikuwa aibu mbili tofauti, nikafikiri ninaweza kuzitenganisha.

Ajabu ni kwamba zile saa za kibarazani zilikuwa nzuri. Mimi nachora, yeye anahamisha maharage, tunaongea. Maneno yake yalikuwa yanatoka polepole, mengine yanapinda, lakini utani wake haukuugua. Nikikosea mstari huwa nafyonza meno bila kujua, naye bila kuinua macho anasema, "U-mekosea hiyo." Nikawa na Mzee Jumaa wangu wa kike. Mwezi wa kwanza vidole viwili vilikuwa vinashika punje. Baadaye vitatu. Tukawa tunahesabu vidole kama watu wanaongojea mvua.

Mvua zenyewe zikakaribia, na kabla ya mvua kwetu kuna msaragambo. Ninyi mliozaliwa mjini mnausikia tu. Siku ya msaragambo watu wa kitongoji wote wanatoka kufanya kazi moja kwa pamoja, na mwaka ule kazi ilikuwa kuzibua mifereji na kuziba kingo za ndiva, lile bwawa letu dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia. Kila nyumba inatoa mtu. Mwanamume aliye nyumbani anakuja na jembe. Mwanamume aliyeajiriwa huko chini anasamehewa, anachangia chakula. Mimi maisha yangu yote nilikuwa wa kusamehewa.

Elisante, mwenyekiti wa kitongoji, nilisoma naye darasa moja. Akapita njiani, akasimama mbele ya kibaraza changu. "Mbwambo, jembe lako liko wapi?"

"Mwenyekiti, mimi niko kazini," nikamwambia.

Akanitazama. Akatazama kiti changu, na kikombe changu cha chai. "Kazini wapi? Mbona nakuona umekaa?"

Mngefikiri ni mzaha uishie hapo. Haukuishia. Likawa shauri, na shauri likapelekwa kwenye ndiva siku yenyewe ya msaragambo. Nilikwenda, nikaomba ruhusa kwa Injinia kwa nusu siku, nikachimba kidogo na mgongo ukanikumbusha kuwa ni wa mchoraji. Wakati wa kupumzika, wanaume wamekaa ukingoni kungoja chakula, wakaanza. Je, mtu anayefanya kazi ya Same akiwa Mhezi, yuko nyumbani au hayupo? Mmoja akasema mwili ukiwa hapa mtu yuko hapa. Mwingine akasema mshahara wake uko Same, na mtu yuko uliko mshahara wake. Mzee mmoja akauliza, "Mvua ikinyesha, analowa ya wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na moyoni natamani ardhi ipasuke.

Kina mama walikuwa hatua chache tu kutoka pale, kwenye masufuria ya makande. Nakijwa alikuwa miongoni mwao. Jirani yetu, mama yake Upendo, alimleta akae kwenye kigoda apate jua na wenzake. Alikuwa anasikia kila kitu.

Elisante si mtu mbaya. Naamini alitaka kunifungulia mlango. Akainua mkono watu wanyamaze, akasema kwa upole, "Au Mbwambo, mama bado hajapona sawasawa, ndiyo maana upo? Kama ni hivyo, sema tu, tujue."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno mepesi ya kusema: ndiyo, hajapona, mimi ndiye ninayemhudumia. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini niliona katika macho yao vile vifungo, lile chanuo, zile kanga, nikajiona nimesimama uchi. Nikasema kwa sauti ya mtu wa ofisini, "Hapana, mwenyekiti. Mama Eliudi anajimudu. Hana shida yoyote. Mimi niko kwa muda tu, narudi Same wiki ijayo."

Hata hilo la kurudi Same nililitunga pale pale.

Elisante akatikisa kichwa kidogo, akasema haya, chakula kije. Kina mama wakaanza kupakua na kuwaletea wanaume sahani. Nikamwona Nakijwa anainuka kwenye kigoda. Akachukua sahani ya makande. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, angeweza kuibeba kwa huo bila taabu, lakini nani anampa mtu mzima chakula kwa mkono wa kushoto mbele za watu? Aliishika kwa ule wa kulia. Akaanza kutembea kuelekea kwetu, polepole, macho yake kwenye sahani.

Ningeweza kuinuka nikamfuata. Palikuwa hapafiki urefu wa kibaraza hiki. Lakini nikiinuka nimekiri kwamba hajimudu, na nimetoka kusema sasa hivi kwamba anajimudu. Basi nikakaa. Nilikaa, vijana wangu, nikamwangalia mke wangu anavyokuja. Niliona sahani inaanza kulala upande. Niliona vidole vile vitatu tulivyovihesabu vinaachia kimoja kimoja. Ikaanguka mbele ya Elisante, makande yakamwagika kwenye tope na juu ya buti zake.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Nakijwa akasimama pale, akasema kwa ule ulimi wake mzito, taratibu, ili kila neno litoke zima, "Samahani. Nimejikwaa."

Pale palikuwa tambarare. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mzizi.

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilipiga magoti nikaanza kuokota yale maharage na mahindi kutoka kwenye tope, punje moja moja, sijui kwa nini, chakula chenyewe kilikuwa hakiliki tena. Nikasema nikiwa nimeinama, "Mwenyekiti, nimesema uongo. Mimi niko nyumbani. Mama Eliudi hajimudu bado. Mimi ndiye ninayemvisha, ninayemchana, ninayemfulia."

Elisante akainama akaniokotea sahani. Akasema, "Tunajua, Mbwambo. Kanga unazianika nyuma ya nyumba, lakini huku ni mlimani. Nyuma ya nyumba yako ni mbele ya nyumba zetu."

Mimi, mchora ramani. Mimi ninayewauliza wateja nani anakaa juu yako. Kitongoji kizima kilikuwa kinaona kamba yangu ya kanga tangu siku ya kwanza, na wote walinyamaza wakanisitiri. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakujisitiri yeye, akanisitiri mimi, na alitumia mkono ambao haukuweza.

Shauri lenyewe liliisha kwa maneno machache. Walinikatia kipande cha mfereji, wakasema nichimbe kwa saa zangu, alfajiri kabla ya kazi au Jumamosi, mradi mvua ikute kiko wazi. Kumbe wazee wa Mhezi walifikia uamuzi ule ule wa Injinia Mwanaidi, na hawakuhitaji kikao cha ofisi. Nilichimba peke yangu, wapita njia wakinitania kwamba natafuta mtandao ardhini. Kilikuwa wazi kabla ya mvua.

Siku ile tulirudi nyumbani pamoja. Nilimshika mkono njia nzima, mbele ya kila mtu, na ilikuwa rahisi sana, ndicho kilichonikera. Tulipofika kizingitini Nakijwa akageuka akaniambia, "Ungeniambia ma-pema kwamba najimudu. Ningejizoeza sahani."

Utani wake hauugui, nimewaambia. Nilishindwa kucheka, na nikashindwa kulia mbele yake, nikaenda kuwasha jiko.

Mkono uliendelea kupata nafuu. Siku hizi anapukuchua mahindi, anachambua mchele, anaandika jina lake. Mtaalamu wa mazoezi alimsifu. Kitu kimoja hakikurudi. Kwa muda mrefu hakwenda tena kwenye shughuli za kina mama. Harusi ya mpwa wetu alikaa ndani. Na mpaka leo hajabeba kitu mkononi mbele za watu. Hapa nyumbani tukiwa wawili anabeba kikombe, anabeba bakuli, hata sufuria dogo. Akisikia hatua za mtu njiani anakiweka chini. Ile aibu niliyokuwa naikimbia, nilimtwika yeye, na yeye hakuwa na neno la kuikimbia.

Kwa hiyo ninyi wote mnaofanyia kazi nyumbani, nina machache tu. Waambieni watu mapema mnafanya nini na saa ngapi. Msiwaache wakisie, maana watakisia na watawaletea ndizi. Tafuteni mtu wa kuwakoholea, hata kwa simu. Kazi ikiisha, funikeni kompyuta mwondoke kwenye hicho kiti, mkae kwingine, kwa sababu nyumba haina mlango wa ofisi. Na mtu akiwauliza kwa nini mko nyumbani, jibuni kweli, hasa kama sababu ni mtu anayewasikia.

Nilimwambia hivyo Upendo na mama yake akiwapo. Mama yake aliinama, naye yumo kwenye kisa hiki, ndiye aliyemleta Nakijwa kwenye jua siku ile. Tangu hapo binti hafichwi tena. Mtandao kwao unasumbua, basi anakuja kufanyia hapa, kwenye pembe ile ile ya kibaraza, na mimi nakaa upande wa pili nakohoa akikosea, ingawa kazi yake siielewi hata kidogo.

Leo asubuhi Nakijwa alitengeneza chai. Nilimsikia anakuja nayo, nikageuka. Alifika kizingitini na kikombe kwenye mkono wa kulia, hakijatikisika, na palepale kundi la watu likapita njiani kwenda mashineni. Akasimama. Hakutoka. Upendo akasukuma kiti nyuma, anataka kumfuata akipokee.

"Kaa, mwanangu, uko kazini," Nakijwa akamwambia. "Babu yako atakuja kuchukua. Anajimudu."

Nikainuka, nikaenda kuchukua.